Mtumishi Aliye Ghaibu: Jinsi ya Kusimamia Kazi za Shule kwa Mbali

Katika shule nyingi za Karagwe, kama zilivyo shule za Tanzania nzima, siku ya kazi ya mwalimu huanzia kwenye meza moja ndogo ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, mahali lilipowekwa daftari la mahudhurio. Mwalimu akifika huandika jina lake, saa aliyoingia na sahihi yake, na saa iliyokubaliwa ikishapita, mwalimu mkuu hutwaa rula na kalamu ya wino mwekundu akapiga mstari chini ya jina la mwisho, na yeyote atakayeandika chini ya mstari huo amekwisha kujishuhudia kwa mkono wake mwenyewe kuwa amechelewa. Chombo hiki ni rahisi, hakihitaji umeme wala mtandao, na kwa kiasi chake ni cha haki, kwa kuwa hakimjui mkubwa wala mdogo. Ila yake ni moja tu, nayo ni kubwa: hushuhudia kwamba mtu amefika, wala hakisemi neno lolote mintarafu ya kazi aliyoifanya baada ya kufika. Mwalimu aliyetia sahihi kabla ya jua kupanda, kisha akaketi kivulini mpaka adhuhuri bila kuingia darasani, daftari humhesabu katika waaminifu.

Nimeanza na mstari mwekundu kwa sababu ndio uliowafunza viongozi wetu wa shule namna ya kusimamia, na mafunzo hayo huwatupa mkono siku wanapopata mtumishi asiyeweza kuwekwa juu wala chini ya mstari. Watumishi wa namna hiyo hawakosekani tena. Shule binafsi iliyoko katika kata ya Kanoni yaweza kuwa na mhasibu anayekaa Kayanga au Bukoba, ambaye hufunga hesabu nyumbani kwake na kufika shuleni mara chache katika muhula. Yaweza kuwa na karani wa udahili anayepokea maombi ya wazazi kwa simu, na mwalimu wa zamu ya mitihani anayetunga na kuchapa maswali akiwa kwake. Kwa upande wa serikali, Afisa Elimu Kata, ambaye wengi bado humwita kwa jina la zamani la mratibu, hufanya kazi mbali na macho ya wakubwa wake walioko makao makuu ya wilaya. Aghalabu hata mwenye shule mwenyewe yuko ghaibu, Mwanza au Dar es Salaam, akiuliza habari za uji na chaki kwa simu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na wasimamizi wengi wameichukua kauli hiyo kuwa ni hukumu isiyo rufaa. Mimi naona kuwa kinachowashinda ni kutomwambia mtumishi, kabla ya kazi kuanza, ni kitu gani hasa kinachotazamiwa kutoka kwake. Na aliyenyimwa maelezo hayo hasimamiki vizuri hata akiketi chumba cha pili.

Wala msomaji wa Karagwe asidhani kuwa jambo hili limeletwa na simu ya mkononi. Katika karne ya 19, zama za Omukama (yaani mfalme) Rumanyika, yule aliyempokea msafiri Speke mwaka 1861, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, humu humu Karagwe, safari ya miezi kutoka baharini. Biashara ya bara wakati ule iliendeshwa kwa mali ya mkopo: tajiri alikaa pwani au Unyanyembe, karibu na Tabora, bidhaa zikatangulia na watu wake, na yeye akabaki hana njia ya kumwona wakili wake isipokuwa kwa waraka uliochukuliwa na msafara na kwa hesabu ya pembe za ndovu zilizowasili, zikipimwa kwa frasila. Kuaminiana kulikuwapo, na kudhulumiana pia kulikuwapo. Lakini hakuna tajiri aliyeuliza kama wakili wake ameamka mapema. Aliuliza mali.

Mfano ulio karibu zaidi na shule ni ule wa miaka ya 1970, nao unastahili kutazamwa kwa utuvu kuliko tulivyozoea. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, taifa lilijikuta halina walimu wa kutosha, na vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuwatoa kwa wakati hata vikifundisha usiku na mchana. Ndipo vijana waliomaliza elimu ya msingi walipochukuliwa, wakapelekwa shule za vijiji vyao, wakafundisha saa kadhaa za siku na wao wenyewe wakajifunza saa nyingine, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa uongozi wa mkufunzi aliyewatembelea, kisha wakamalizia kwa muda mfupi chuoni. Kati ya mwaka 1976 na 1984 walipatikana kwa njia hiyo walimu zaidi ya 35,000. Watu wamewasema sana walimu wale wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, na baadhi ya lawama zina haki, maana elimu waliyoanzia ilikuwa haba. Lakini ukiutazama mpango ule kwa jicho la usimamizi, utaona ulikuwa na kitu ambacho ofisi nyingi za leo zenye kompyuta hazina. Kila kijitabu cha somo kilikuwa na zoezi lake, zoezi lilipaswa kujibiwa na kusahihishwa, na mkufunzi alipofika katika kata alikuwa na jambo la kuuliza na karatasi ya kushika mkononi. Ziara yake ilikuwa na muradi. Linganisha na ziara za siku hizi, ambamo mgeni hushuka kwenye gari, akatia sahihi katika kitabu cha wageni, akasifu mazingira, akaondoka, na walimu wakabaki wakiulizana alikuja kwa nini.

Na kama wataka kuona upande wa pili, yaani kusimamia kwa mbali bila karatasi wala jicho, ukumbuke uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016, ambapo ilibainika kuwa serikali ilikuwa ikilipa mishahara kwa maelfu ya majina yasiyo na watu, yakiwemo ya waliokufa, waliostaafu na walioacha kazi. Mtumishi hewa ndiye mtumishi wa mbali kuliko wote. Fedha zilimfikia kila mwezi kwa sababu orodha ya malipo ilikaa mahali pamoja, kazi ikakaa mahali pengine, na hapakuwa na mtu ambaye ilikuwa dhima yake kuviweka viwili hivyo bega kwa bega.

Kisha likaja janga la korona. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule. Wanafunzi wa kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni. Ng'ambo ya Mto Kagera, jirani zetu wa Uganda walikuwa na masaibu makubwa zaidi, kwani madarasa mengi kule hayakufunguliwa mpaka Januari 2022, muda wa karibu miaka miwili. Kwa upande wetu Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya redio na televisheni, na baadhi ya shule binafsi zikatuma kazi kwa wazazi kwa simu. Katika miezi ile mitatu na ushei, walimu wa taifa zima walikuwa watumishi wa mbali bila kutaka, na wakuu wao wakawa wasimamizi wa mbali bila kujiandaa. Na ukiuliza leo walichoulizwa walimu na wakubwa zao katika kipindi kile, wengi watakwambia ni swali moja, nalo ni kama wapo katika kituo cha kazi. Maazimio ya kazi ya mihula yangeweza kuandikwa upya, mitihani ya miaka kumi ikapangwa kwa mada, vitabu vya maktaba vikaorodheshwa. Palipokuwa na mkuu aliyeyagawa hayo kwa majina na tarehe, yalifanyika. Kwingineko ile likizo ndefu ikapita bure, na lawama ikawaangukia walimu ilhali hawakuwa wameagizwa chochote.

Basi tuje kwenye amali yenyewe. Chukua yule mhasibu wa Kayanga anayeitumikia shule ya Kanoni. Mkataba wake, kama ulivyo mikataba mingi, husema atashughulikia masuala yote ya fedha na majukumu mengine atakayopangiwa. Kwa maneno hayo hakuna mtu awezaye kumsifu wala kumlaumu. Mwandikie hivi: kila Ijumaa kabla ya saa kumi jioni atatuma kwa mkuu wa shule orodha ya wanafunzi wa kila darasa wanaodaiwa ada, ikionyesha deni la juma lililopita na la juma hili; kila tarehe tano ya mwezi atawasilisha ulinganisho wa daftari la fedha na taarifa ya benki, na tofauti yoyote ataieleza kwa sentensi, maana tarakimu peke yake haitoshi; stakabadhi za manunuzi ya jikoni zitamfikia kutoka shuleni kila Jumatatu, na zisipofika siku hiyo ataandika kuwa hazikufika, ili kosa lisije likabebeshwa asiyelitenda. Sasa mkuu wa shule hana haja ya kumpigia simu saa mbili asubuhi kumuuliza yuko wapi. Ijumaa saa kumi itasema.

Tazama kuwa katika maneno hayo dhima imegawanywa pande zote mbili. Hapa ndipo wenye shule wengi wanapojikwaa, kwani hudhani makubaliano ya kazi ni orodha ya wajibu wa mtumishi peke yake. Mtumishi wa mbali hawezi kwenda chumba cha pili kuuliza stakabadhi iko wapi, wala hawezi kusubiri mlangoni mkubwa amalize kikao. Akikosa kitu kimoja kutoka shuleni, kazi yake yote husimama, na huko alikosimama hakuna anayemwona akiwa amesimama. Ofisi inayotaka kazi ya mbali sharti ijizoeze kujibu. Napendekeza iandikwe pia, bila kuona haya, kwamba swali la mtumishi litajibiwa ndani ya siku moja ya kazi, na kwamba gharama ya bando na ya muda wa maongezi itakuwa juu ya shule. Shule inayomlipia mlinzi tochi lakini ikamwachia mhasibu anunue bando kwa fedha za mfukoni mwake imekosea hesabu, na mara nyingi hulipa kwa njia nyingine.

Lipo suala la saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma kwa kazi za kawaida, wala haikusema ukomo huo uondolewe kwa kuwa mtu anafanyia kazi sebuleni kwake. Lakini kundi la WhatsApp la shule halijui saa. Agizo la takwimu huingia saa tatu usiku likiwa na neno haraka, na asiyejibu kabla ya kulala huamkia kuitwa mkaidi. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria imewataka waajiri wenye wafanyakazi wengi kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima vyombo baada ya kazi, na Kenya mwaka 2022 ulipelekwa mswada katika Seneti wenye muradi kama huo. Sisi hatuna haja ya kungoja bunge kwa jambo ambalo mwalimu mkuu aweza kulimaliza kwa tangazo la mistari miwili: ujumbe utakaotumwa baada ya saa kumi na mbili jioni utajibiwa kesho yake, isipokuwa pana mgonjwa, moto, au mtoto aliyepotea.

Kuhusu watumishi wa serikali, njia imekwisha kuchorwa kutoka juu. Tangu mwaka wa fedha 2023/2024 fomu za OPRAS, zilizotumika kupima utendaji wa mtumishi, zimewekwa kando, na mahali pake umekaa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake kwa vipande, msimamizi akayaidhinisha, na utekelezaji ukapewa alama. Kwa nadharia, hilo ndilo hasa tunalolitetea hapa: kazi itajwe, iwe na muda, ipimwe. Kwa vitendo, mwalimu wa kijiji cha milimani ambako mtandao huja na kuondoka, katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa kutoka Uganda, huona mfumo huu kuwa ni kazi ya pili juu ya ile ya kufundisha. Na si siri kwamba wapo waliomkabidhi kijana wa duka la kuchapisha nywila zao awajazie kwa malipo. Hapo tumerudi kwenye mstari mwekundu kwa mlango wa nyuma, maana alama zitapanda bila mtu kujua kama Hisabati ya darasa la nne imefundishwa. Dawa yake naiona katika ngazi ya shule: mwalimu mkuu akae na kila mwalimu mwanzoni mwa muhula, wayaandike majukumu hayo kwanza kwenye karatasi kwa Kiswahili cha kila siku, wakubaliane ushahidi wa kila jukumu utakuwa nini, daftari gani la wanafunzi litafunguliwa na siku gani, kisha ndipo yaingizwe kwenye mfumo, hata kama yataingizwa siku watakayoshuka mjini. Na nywila ya mtu ni sahihi yake. Atakayeikopesha asistaajabu deni likija kwa jina lake.

Hapo pana jambo jingine ambalo wakuu wa shule hulichukulia kwa wepesi kupita kiasi. Kazi ikifanyiwa nyumbani, siri za shule nazo huhamia nyumbani. Orodha ya wanafunzi wenye madeni, alama za mitihani, habari za mtoto yatima au mgonjwa, vyote hivyo hukaa katika simu ambayo jioni huchezewa na watoto wa mhasibu, na siku moja yaweza kuuzwa sokoni pasipo kufutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde, na shule imo katika hao. Kutuma picha ya orodha ya wadaiwa katika kundi la wazazi, kama ifanywavyo mahali pengi ili kuwaaibisha wasiolipa, ni kosa la adabu kabla halijawa kosa la sheria. Mtumishi wa mbali apewe akaunti ya shule, isiyochanganyika na yake. Na siku anapoondoka kazini, akaunti hiyo ifungwe siku ile ile.

Zipo kazi ambazo hazina mbali, na ni heri kusema hivyo kuliko kulazimisha. Matroni wa bweni hana mbali, mpishi hana, wala mwalimu wa darasa la kwanza anayemshika mtoto mkono ili aumbe herufi a. Fedha taslimu nazo hazifai kupokewa mahali pamoja na kuandikwa mahali pengine, isipokuwa pana stakabadhi iliyotolewa papo hapo. Hata kazi zinazostahimili umbali zahitaji mtu aonekane mara moja moja; serikali ilipowagawia waratibu wa kata pikipiki kwa maelfu chini ya LANES, mpango wa kukuza stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, ilikiri kuwa taarifa peke yake haitoshi. Mwenye shule aliye Dar es Salaam aje. Akija, afungue madaftari ya wanafunzi kabla ya kufungua mikutano, na aketi na mpishi na mlinzi pia, ambao hujua mengi yasiyoandikwa katika taarifa yoyote.

Nalo suala la kosa lisiachwe. Mtumishi wa mbali akichelewesha kazi, msimamizi hujaza kwa dhana pengo lile asiloliona: amelala, yuko shambani kwenye kahawa yake, ana ajira nyingine. Pengine ni kweli. Pengine umeme ulikatika tangu jana. Kanuni za ajira za mwaka 2007 zinataka mtu aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuadhibiwa, na nafasi hiyo haipungui kwa umbali, bali yahitaji kuzidishwa, kwa kuwa uso wake hauonekani wala sauti yake haisikiki ofisini. Apigiwe simu, asikilizwe, na lililosemwa liandikwe na kutumwa kwake alisome. Kumwondoa mtu katika kundi la WhatsApp si kumfukuza kazi kisheria, ingawa nimesikia ikifanywa.

Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, na mwezi wa Desemba wakuu wa shule huwa na nafasi kidogo. Tunawaomba wenye shule na wakuu wa shule wa Kanoni, na wa Karagwe na Kyerwa kwa jumla, wautumie mwezi huo kumwandikia kila mtumishi aliye mbali karatasi moja yenye kazi zake, tarehe zake, na yale ambayo shule nayo imejifunga kumpa. Waisome pamoja naye ana kwa ana, wote wawili watie sahihi, na nakala moja abaki nayo mtumishi.